Aliyembemenda Rukia

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nepi tatu kabla sijatoka kwenda dukani. Majimaji matupu. Siku ya tano leo anaharisha. Rukia ana miezi kumi na amekuwa mwepesi mkononi, utadhani leso iliyokunjwa. Jirani anasema meno. Mwingine anasema jicho. Sijui nishike lipi.

Jumanne, 7 Juni
Mama mkwe amekuja kukaa nasi. Amemtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. Hajasema kitu. Simpendi akinyamaza.

Jumatano, 8 Juni
Amesema. Mwana amebemendwa. Yaani mmoja wetu ametoka nje ya ndoa na mtoto angali ananyonya, ndiyo sababu anakauka. Mke wangu Saumu hatoki nyumbani. Nimebaki mimi, nishindaye Biashara Street nikiwakunjulia wanawake leso. Nilicheka. Ningejua nisingecheka.
Eti maziwa ya Saumu yameharibika. Amekatazwa kunyonyesha. Rukia anapewa maji ya mchele, kijiko kijiko. Nikataja zahanati. Nikaambiwa kwanza mkosaji akiri, ndipo dawa ishike. Mpaka hapo mtoto hatoki.

Alhamisi, 9 Juni
Saumu hasemi nami. Dukani nimepima kitambaa vibaya mara mbili. Nakumbuka kila mteja niliyewahi kumchekea. Yule wa Kizingo aliyeniletea haluwa Idi iliyopita? Nilikula haluwa, basi. Mbona najiona mkosaji?

Ijumaa, 10 Juni
Asubuhi macho ya Rukia yamezama. Utosi umebonyea. Analia bila machozi. Niliogopa kweli.
Sikwenda kazini. Nilikaa mbele ya mama mkwe, nikainamisha kichwa. Aibu iliyoje, kumwambia mkwe maneno yale.
"Ni mimi, mama. Na mwanamke mmoja wa dukani. Yamekwisha."
"Alhamdulillahi. Sasa mwana atapona. Mpeleke utakako."
Saumu alivaa buibui akanifuata nyuma. Hakunitazama njia nzima.
Huko zahanati muuguzi alifinya ngozi ya tumbo. Ikarudi polepole. Mtoto amekaukiwa maji, alisema, mngechelewa mngempoteza. Na nani kamwachisha ziwa? Akamwamuru Saumu anyonyeshe palepale. Tulishinda huko tukimnywesha. Nyumbani tuchanganye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kidogo kidogo. Akitapika tungoje, kisha tuendelee. Ziwa na chakula asinyimwe.
Sijawahi kumgusa mwanamke mwingine. Naandika hapa kwa kuwa hapana pengine pa kulisema.

Jumatatu, 13 Juni
Amekojoa vizuri. Akilia, machozi yanatoka. Nami nimelia.
Mama mkwe anawaambia majirani kukiri ndiyo dawa. Muuguzi anasema ni maji na ziwa. Najua ni maji. Lakini alianza kupona siku ileile niliyosema uongo, na kichwa changu hakitulii.

Jumapili, 19 Juni
Rukia amemaliza bakuli la uji akataka zaidi. Mama mkwe amerudi kwake. Nikaona ndiyo nafasi. Nikaanza: Saumu, yale niliyosema...
Akanizuia. "Usikane, babake Rukia. Mwana ataugua tena."
Nikaliosha bakuli la uji.
Baadaye, mtoto yuko ziwani, akaniuliza bila ukali. "Nambia jina lake tu."
Nilitafuta jina. Sikuwa nalo. Akamhamishia Rukia ziwa la pili.