Matanga ya Mshairi Mholanzi

Bellevue, Johannesburg
14 Julai 2024

Mpendwa dada Denise,

Pokea salamu za mdogo wako, mwenye bahati kuliko watoto wote wa Kalemie! Mguu wako unaendeleaje? Na Mama, siku hizi anapata usingizi? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Ulisema kama huku sina mtu, nirudi nyumbani. Nirudi wapi, dada! Mimi nilipata rafiki, tena si wa ovyo: mzee Hessel, mshairi Mholanzi, kule mtaa wa Observatory. Tulikula meza moja, mimi niliyeishia darasa la sita!

Baba yake alikuwa mwoka mikate. Hessel alitoa kitabu akiwa kijana, nchi nzima ikamshangilia. Kisha gazeti likamwajiri ahakiki mashairi ya wenzake, na hapo ndipo alipoharibu. Aliwaumbua miaka mingi, hata harusini kwake hakuja mshairi. Akamfuata mke huku. Mke akafa, akabaki na mbwa mvivu.

Siku moja nilimwimbia shairi nililomtungia Mama, nikimfasiria kwa Kiingereza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ruphin, maneno mengi. Bakiza pale unaposema: 'Mama, huku kuna baridi.'" Eish! Nilinuna wiki nzima. Lakini kweli, nilitaka kusema hilo tu.

Amefariki mwezi uliopita. Jamaa zake walichoma maiti yake asubuhi, mchana kila mtu akaenda zake. Hakuna matanga! Sikukubali. Nilipanga viti hapa uani, nikasonga bukari, nikakaanga visamaki vya ndagala, nikawaambia watu wa kanisa nimefiwa. Wakaja, wakaimba. Mama Célestine, fundi cherehani, alilia mpaka kitenge kikalowa, ndipo akauliza:

"Kwani amekufa nani, kaka?"

"Mshairi. Mholanzi."

"Ameacha nani?"

"Mbwa."

"Yesu wangu, maskini!" Akaanza kulia upya.

Pole zote walinipa mimi. Nilizipokea, dada. Nilikuwa nazihitaji. Tangu wakunje viti, hakuna aliyepiga hodi.

Nisalimie Mama, shemeji Ignace na Chloé mdogo. Mungu awafunike nyote, na mguu wako aushike mwenyewe.

Wako akupendaye sana,
Ruphin

Dada, nimekudanganya. Hessel hakuwa rafiki yangu. Nilikuwa mlinzi wake; shairi nilimwimbia getini, na ndani ya nyumba yake sijawahi kuingia. Huku sina mtu.