Ndege Niliowafukuza Mugeta

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mwanangu Neema ameacha kulilia ziwa? Mimi bado kifua kinauma nikimkumbuka.

Kazi hii ya kuwapikia wageni wanaokuja kutazama ndege kidogo initoke jana hapa Mugeta. Walikuwa wamelala kifudifudi kwenye nyasi fupi na darubini zao, kimya kabisa, kundi la ndege likatua mbele yetu. Mama, nilijisahau. Si nilikuwaga nawinga ndege kwenye mtama wako tangu mdogo? Nikapiga makofi na ukelele wetu ule: "Hoyaaa! Tokeni!" Wakaruka.

Dereva akasema, "Mama Neema, watu wametoka Ulaya kuwaona hao, wewe unawafukuza!" Machozi yakanitoka, nikajua narudishwa nyumbani.

Lakini ndege mmoja alibaki, anaburuta bawa kama limevunjika. Wageni wakainuka wamfuate. Nikamwambia dereva, "Wazuie! Anawadanganya huyo, ana watoto. Watazame chini." Kweli, vifaranga wawili wa rangi ya udongo, karibu na kiatu cha bibi mmoja mgeni. Bibi akanishika mkono, hakuniachia mpaka kwenye gari. Leo mimi ndiye natangulia kuwaonyesha ndege, wao wananifuata.

Asante Mama kwa mtama ule, na siku zote nilizokununia kwa ajili yake. Jumamosi nakuja na sukari na sabuni za mjini Bunda, siku hizi hazina foleni kama miaka ile ya uhaba. Mbusu Neema. Mwambie mama yake yuko mbali kidogo tu, na ni kwa ajili yake.

Mwanao,
Nyamisi