Mafaili Matupu ya Kampuni ya Mashamba

Baba mpendwa,

Leo kazini vijana wamenisifu. Ati Mama Masijala, ndivyo wanavyoniita, amegundua njia ya kusafisha makabati kwa siku moja badala ya wiki nzima. Nimecheka nao, halafu nikajifungia chooni nikalia, kwa sababu njia hiyo niliigundua mbele yako, pale Eldoret, na wewe ndiye uliyeilipia.

Unaikumbuka ile wiki. Wewe karani wa masijala katika kampuni ya kununua mashamba, mimi taipisti wako niliyemaliza shule, fomu foo, juzi tu. Wapimaji walikuwa wamepima upya shamba lote la Turbo, na kila ramani ya zamani ilipaswa kutoka kwenye mafaili kabla maofisa wa serikali hawajaja kuyachukua Ijumaa saa sita. Vipande vingine vya ardhi viliunganishwa, kwa hivyo mafaili ya namba zake za zamani yangebaki bila kitu. Hayo ndiyo yaliyokunyima usingizi.

"Faili tupu yenye namba ni shamba lisilo na mwenyewe," uliniambia. "Mkubwa anaingiza karatasi yake humo, kesho anamfukuza mjane."

Na mjane tulimjua. Kipande kipya cha Mama Nyokabi kilikuwa kimemeza namba tatu za zamani.

Basi ukaifanya kazi kwa njia yako. Haki, Baba, ulikuwa unachosha! Unatoa ramani moja, unaangalia kama faili imebaki tupu, unakagua droo yote, unakagua kabati lote, unaandika kitabuni, unafunga kwa ule ufunguo uliouvaa shingoni. Halafu unafungua tena utoe ramani ya pili. Kufikia Alhamisi asubuhi tulikuwa hatujamaliza hata kabati la kwanza kati ya manne. Nikalipuka.

"Baba, tutoe ramani zote kwanza, bila kukagua kitu. Tukimaliza tupite mara moja tu, tuondoe mafaili yaliyobaki matupu."

"Na hapo katikati, yakiwa matupu kabatini, nani anayalinda?"

"Mimi. Nitasimama mlangoni. Hapiti mtu."

Uliniangalia mpaka nikaona aibu. Kisha ukavua ufunguo ukanipa.

Ijumaa asubuhi ramani zote zilikuwa nje. Tukaanza kupita, na makabati matatu yakaisha haraka hata wewe ukatabasamu. Ndipo ukaitwa kwa mhasibu. Hujafika huko, Meneja mwenyewe akaingia masijala, beji ya chama kwenye koti, akaketi kwenye kiti chako.

"Msichana, kwani kwenu mgeni hapewi chai?"

Baba, wewe na Mama mlinilea hivyo. Mtu mzima akiketi, sufuria kwanza, maneno baadaye. Miguu ilinipeleka jikoni kabla akili haijaamka, na kabati la nne nikaliacha wazi. Nilichemsha maziwa, nikatia majani, nikaosha kikombe, nikarudi na trei. Alikunywa vikombe viwili, akasema chai ni tamu, akaenda zake.

Uliporudi, nilinyamaza. Nilijiambia, si ni chai tu. Lakini ulipofika kabati la nne ulirudia mwendo wako wa zamani. Unafungua faili, unapapasa ndani kwa vidole, unafunga. Lori lilikuwa tayari uani.

"Mzee, harakisha!" ofisa mmoja akapaza sauti dirishani.

Hukuharakisha. Kwenye namba moja ya zile za Mama Nyokabi vidole vyako vikasimama. Ukatoa karatasi mpya kabisa, yenye muhuri na jina ambalo Eldoret nzima ililijua. Ukanitazama mara moja. Ukaikunja, ukaitia soksini, ukaitupa faili kwenye rundo la mafaili matupu.

Mama Nyokabi hakuguswa. Wewe ulifutwa kazi Jumatatu, na askari wakaja mpaka nyumbani Kimumu kuuliza karatasi iko wapi. Ulikuwa umeshaichoma. Walikukalisha korokoroni siku tisa, ukarudi na kikohozi kilichokaa kifuani mwako mpaka tulipokuzika.

Miaka hiyo yote, nikikusugua kifua kwa mafuta, nilingoja uniulize, "Mumbi, ulikuwa wapi?" Hukuuliza hata siku moja. Huwa najiambia kwamba ungeuliza, ningekuambia ukweli. Uongo mtupu. Ningesema nilienda choo.

Kesho nitawaambia hawa vijana kwamba njia yangu ni nzuri, lakini mlangoni waweke mtu asiye na adabu. Watadhani natania.

Najua hujibu tena, kwa hivyo nakuambia bila kuulizwa. Nilikuwa jikoni, Baba. Nilikuwa nikimpikia chai.

Pumzika, na unisamehe.

Ni mimi binti yako, uliyemwamini ukampa ufunguo.