Mashine Yangu Asiiguse Mtu

4 Machi

Mpenzi Baba Pacha,

Nakutumia salamu za kujaza lori zima, dereva asipate pa kukaa. Sisi hatujambo. Pacha mmoja kang'oka jino, na mwenzake analia kwa nini lake bado limeshika. Mgongo wako je, umepoa?

Huku AC imegoma. Inapuliza, lakini hewa yenyewe ya moto kama ya jikoni. Jumamosi keki ya harusi ya ghorofa tatu imeniinamia mbele ya bibi harusi, krimu inateremka, na mimi nimeikumbatia kama mgonjwa. Nilikwenda nje kwenye ile mashine ya ukutani nikaisikia inanguruma, ila feni yake haizunguki. Ikinguruma dakika chache, swichi yake inajizima.

Nikamwita Fundi Miwani, aliyehamia nyumba ya pili wewe ukiwa umeshaondoka. Hata hakufungua kitu. Alisikiliza, akapitisha kijiti kirefu kwenye wavu, akaisukuma feni, nayo ikashika mwendo yenyewe! Akasema, "Mota nzima hii, mama. Kapasita ndiyo imekufa, feni haipati nguvu ya kuanzia." Mtu mpole kweli. Atakuja kuibadilisha baada ya wiki, akimaliza kazi aliyoshika.

Laiti simu zingeshika huko kambini kazini kwako, ungesikia mashine yako inavyolia.

Mkeo,
Mama Pacha


8 Machi

Mama Pacha,

Salamu. Mgongo haujambo. Natumaini nanyi hamjambo.

Mtu mpole kweli. Hapo nimesoma mara nne. Mpole vipi? Mimi nafunga AC mwaka wa kumi na nne huu na hakuna mteja aliyewahi kuniita mpole. Kijiti alikuja nacho au ulimpa wewe? Alisimama wapi, na wewe ulisimama wapi? Kama amehamia siku nyingi, mbona barua zako zote hazimtaji, leo ghafla ana miwani na upole? Mtu wa spana miwani ya nini? Na huyo ana mke, au anaishi na miwani yake tu?

Kinachonichoma ni kwamba hajakosea. Feni ikigoma, ukiisukuma ikaenda, ni kapasita. Ningesema hivyohivyo, na ningesema mimi kwanza kama ningekuwa nyumbani.

Basi sikiliza. Mashine ile niliifunga kwa mikono yangu wiki tuliyooana, na asiiguse mtu. Utabadilisha wewe. Unapima unga kwa gramu, kapasita haitakushinda. Zima swichi kubwa kwenye boksi la umeme. Fungua skrubu za ubavuni. Utaona kopo la bati, dogo kama la maziwa, lina pini juu. Kichwa chake kikiwa kimevimba, ndiyo hiyo. Chora kwenye karatasi waya gani unakaa pini gani, kisha chomoa. Nunua yenye namba ileile, thelathini na tano, na volti zisipungue zile zilizoandikwa.

Miwani asikanyage hapo. Akija kukuuliza hali, mwambie hali nzuri, afunge mlango akiwa upande wa nje. Na dukani usimwambie muuza vipuri kwamba mumeo yuko mbali. Wauza vipuri nawajua, nimewahi kuwa mmoja wao.

Mumeo (bado),
Baba Pacha


19 Machi

Mama Pacha,

Lori la kambi linaloleta barua limekuja mara ya pili bila yako. Nimemwuliza dereva kama alipita kwa mke wangu. Kasema alipita. Nikamwuliza nani alifungua mlango. Unajua alijibu nini? "Bwana mmoja ana miwani."

Saa nne asubuhi! Ndani ya nyumba yangu! Dereva anasema bwana huyo alikuwa anafuta mikono kwa taulo. Taulo langu lile la bluu? Sijala tangu jana. Leo nimefunga AC ya ofisi ya msimamizi kinyumenyume, inapoza nje na kupasha joto ndani, na watu wamecheka mpaka wamekaa chini.

Usinizungushe. Niambie moja tu: nimeshatolewa?

Mimi


22 Machi

Baba Pacha,

Salamu. Mwandiko huu usikutishe, natumia mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa plasta.

Nilifanya kama ulivyoniagiza. Nilizima swichi kubwa, nikafungua skrubu, nikalikuta kopo limevimba kichwa kama mkate. Nilichora waya zote kwa kalamu ya rangi ya watoto, ungefurahi. Nikapanda stuli, nikalishika kopo kwa vidole nichomoe. Nakumbuka mshindo, halafu nakumbuka dari ya hospitali.

Kapasita inaweza kubaki na umeme hata ukizima swichi kubwa. Hili mimi nimejifunza hospitalini. Wewe unalijua miaka kumi na minne. Siku za nyuma ulikuwa unalitaja hata mezani, kila ukirudi kazini: toa umeme wa kapasita kwanza, kwa kifaa cha mpini wa plastiki, pima, ndipo uguse. Nimeirudia barua yako. Kuna aya mbili za Miwani, na mistari michache ya kapasita. Mstari huo haumo.

Aliyesikia stuli ikianguka ni mke wa Miwani. Ndiyo, anaye mke. Siku dereva alipopita, mke huyo alikuwa ndani ananiogesha, na mumewe alikuwa anaosha vyombo vyangu, kwa sababu mimi siwezi. Taulo ni la jikoni.

Fundi aliniuliza nani aliniambia nifungue. Nikampa barua yako aisome. Aliisoma yote, akavua miwani, akaipangusa, akaondoka. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Mama wa watoto wako


26 Machi

Mke wangu,

Sina salamu, sijui nikusalimie vipi.

Nimeisoma barua yako. Ningekuua. Ningekuua kwa barua. Mstari ule huwa nauandika kwa herufi kubwa kwenye kila mashine ya kambi hii, hata wapishi wanaujua. Kwako nikausahau, kwa sababu kichwa chote kilikuwa kimejaa mtu ambaye sijawahi kumwona. Huo ni wivu, siupambi jina. Ulianza zamani, kabla ya Miwani. Namwonea wivu dereva kwa sababu anauona mlango wetu kila wiki. Nawaonea wivu wateja wako wa keki.

Naomba radhi, kwa mkono na kwa aibu.

Nimemwambia msimamizi naacha kazi. Jumamosi napanda lori.

Swali moja, na nimelifuta mara mbili likarudi: Miwani alikubeba mikononi kwenda hospitali, au mgongoni?

Mumeo mjinga


30 Machi

Baba Pacha,

Hatujambo. Vidole vimeanza kucheza, daktari kafurahi.

Alinibeba kwenye toroli la zege, miguu inaning'inia, mkewe anasukuma upande mmoja na pacha wanapiga mayowe nyuma. Mtaa mzima umeona. Umeridhika?

Lori limekuja Jumamosi na hukuwamo. Dereva kasema msimamizi amekuzuia mpaka apatikane wa kushika nafasi yako. Afadhali, maana nina la kukuambia kabla hujafika.

Nimeishi na wivu wako tangu uchumba. Mwanzoni ulinifurahisha, nikadhani ndiyo kupendwa. Kisha nikajifunza kuchagua maneno. Unauliza kwa nini Miwani hakutajwa kwenye barua zangu zote? Alikuwepo. Mimi ndiye niliyemtoa, kila barua, ili wewe ulale. Siku AC ilipokufa nilichoka kumtoa, na mwezi huu nimelipa kwa mkono wangu.

Basi jiulize kabla ya kupanda lori. Ukija kwa ajili yangu, njoo. Ukija kwa ajili ya kumchunga Miwani, baki hukohuko. Sitaki mlinzi. Na usinijibu harakaharaka kama kawaida yako.

Mama Pacha


12 Aprili

Mke wangu,

Hamjambo? Mkono je? Pacha wa pili jino limetoka?

Sikujibu harakaharaka. Mtu wa kushika nafasi yangu alifika tangu tarehe nne. Malori mawili yameondoka, na mara zote mbili nilikuwa na begi getini. La kwanza nilishika mlango kabisa, dereva akanisogezea kiti. Nikajiuliza ulichoniambia nijiulize. Jibu la kweli lilikuwa Miwani. Nilitaka nifike ghafla, saa nne asubuhi, nione nani atafungua. Nikatoa mkono mlangoni.

La pili, hivyohivyo.

Ningeweza kukudanganya. Ningesema nimekuja kwa ajili yako, na usingejua. Lakini mimi ningejua, na ningekaa sebuleni nikisikiliza nyayo za jirani. Kwa hiyo nipo bado kambini. Begi sijalifungua. Hapa sina kazi, nalala kwenye kontena la vifaa, na watu wananiuliza nasubiri nini.

Nakupenda na nina wivu. Bado sijaweza kuvitenganisha.

Mumeo


15 Aprili

Baba Pacha,

Miaka yote hii, hii ndiyo barua ya kwanza uliyoniandikia bila kunipeleleza. Nimeisoma, nimelia, nimempa Fundi aisome. Ndiyo, nimempa. Akasema, "Huyu sasa naweza kukaa naye."

Njoo. Usije ghafla, njoo mchana, siku ninayoijua. Utapita kwanza nyumba ya pili umshukuru kwa mdomo wako, mkewe akisikia. Ukimaliza hapo, mimi nipo mlangoni.

Mkeo