Shairi la Sabini na Moja

Baraka, mwezi wa tano 1999

Kwako yaya Wilondja, mukubwa wangu, huko kambini Kigoma,

Sisi tuko wazima, hata mihogo yetu ya shamba la Swima askari hawakuifikia. Michango uliyokusanya kwa kitabu cha papa, mzazi wetu, imetufikia. Mashairi yake sabini ya matanga, yale bamama wanaimba, nimeshayaandika yote kwenye daftari. Unamujua papa: hatungi shairi la muntu mpaka azikwe.

Jana akaniambia niongeze moja, yeye akitamka. Nikaandika, nikaandika, mpaka nikafika kwenye jina lako.

Nikamwambia, "Papa, Wilondja iko Kigoma. Iko mzima."

Akaniangalia kwa huruma. "Andika tu, mwanangu."

Nimeliacha katikati. Yaya, nijibu upesi, kwa mkono wako mwenyewe.

Mudogo wako,
Riziki