Hapa Filimbi Isubiri

Mitundu,
9 Februari 2024

Mwanangu Lea,

Hujambo mama? Na kile kifua chako cha vumbi la mashudu ya alizeti huko kiwandani kimepona? Jirani yako Chiku naye ni mzima? Huku mvua inanyesha mpaka kuku wamechoka. Mimi nakula, nalala, nasali. Mkono ndio umenifanya nishike kalamu.

Baada ya kile kiharusi daktari alisema nisubiri miezi sita. Imepita minane, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto bado havinisikilizi. Kikombe nashika, jembe nashika kidogo. Lakini luti, kama gitaa, haitaki mtu wa kushika, inataka mtu wa kubana uzi mwembamba mahali pake na kuuachia kwa wakati wake. Jana niliujaribu ule Wimbo wa Dirishani uliokuwa ukikulaza ulipokuwa mdogo. Nilifika mstari wa pili, nikairudisha luti kwenye sanduku. Nililia, sikufichi, kisha nikachemsha chai.

Anselm katekista ameiomba kwa ajili ya vijana wa kwaya. Nimemwambia aje aichukue Nanenane. Sista Hedwiga aliileta kutoka Ulaya, akanifundisha pale chuo cha ualimu nikiwa binti wa miaka ishirini, na siku anaondoka akaniachia pamoja na daftari lake la nyimbo za miaka mia nne iliyopita. Nimekaa nayo miaka hamsini. Nilitaka habari hii uisikie kwangu, si kwa watu wa basi.

Nimempa Hussein kondakta chupa mbili za asali. Moja ni ya Chiku. Usizimalize zote wewe.

Shangazi yako,
Severina


Utemini, Singida,
18 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kifua kimepona, asali imefika, na Chiku anakusalimu sana, anasema chupa yake ameificha nisiione. Unameza dawa za presha kila siku, au unazimeza siku unazokumbuka?

Barua yako niliisoma mara tatu nikiwa nimekaa juu ya gunia la alizeti, mpaka bosi akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia bado.

Naomba usikasirike. Luti isiende kwa Anselm. Ni mtu mwema, lakini ngoma ya kanisa ameitoboa mara mbili.

Nilikuja kwako nina miaka sita, mama amezikwa wiki moja tu. Hukunibembeleza, hukuwa na mambo hayo. Ulikaa dirishani ukapiga luti, mimi nikabangua karanga mpaka nikasinzia na karanga mkononi. Nilipofika darasa la saba uliuza baiskeli yako ukaninunulia filimbi hii ya chuma, ukaenda shuleni kwako kwa miguu miaka mitatu. Sijawahi kukushukuru kwa maneno, nilidhani unajua. Sasa naandika ili iwe imeandikwa: asante, Shangazi.

Halafu nisikilize. Kwenye kwaya hatumpi mtu mmoja aimbe soprano na besi. Kwa nini luti ibebe zote peke yake? Wimbo wa Dirishani una sauti ya juu na sauti ya chini, nazisikia kichwani mpaka leo. Ya juu nipe mimi, niipige kwa filimbi. Ya chini ibaki kwako, kwa vidole vilivyobaki. Andika, unitumie karatasi. Nanenane nitakuja tupige pamoja. Tukishindwa siku hiyo, Anselm abebe luti na sanduku lake, sitasema neno.

Mtoto wako,
Lea


Mitundu,
10 Machi 2024

Mwanangu mjeuri,

Marahaba. Dawa nameza. Mahindi yameanza kukomaa, na yule mbuzi mweusi kazaa mapacha. Habari za kwako na za kazi?

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikalitoa daftari la Sista.

Unakumbuka karatasi ya luti haina nota kama za kwaya. Ina mistari sita, kila mstari ni uzi, na herufi zinaonyesha kidole kibane wapi. Hakuna anayekuambia hii ni soprano na hii ni besi, zote zimelala pamoja kama watoto kwenye kitanda kimoja. Nilikaa na kalamu nyekundu na kalamu ya bluu. Nyekundu ni yako, bluu ni yangu. Nyingine nilizipaka nyekundu asubuhi, mchana nikagundua ni zangu. Zile za katikati zilizobishana sana nimezitupa, Mungu anisamehe na huyo aliyezitunga.

Sasa tazama ajabu. Nyuzi nene za chini mara nyingi zinapigwa wazi bila kubanwa. Pale zinapobanwa, vidole viwili vinanitosha! Niliipiga besi yangu peke yake, ikasikika kama mtu anayezunguka nyumbani akitafuta miwani. Lakini ni mimi niliyekuwa napiga, Lea. Nilikaa na luti kifuani nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na jogoo akaitikia.

Sehemu yako nimeihamisha kwenye nota za kawaida. Iko ndani ya bahasha.

Shangazi yako,
Severina


Utemini,
24 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mapacha wa mbuzi wananyonya vizuri na wewe unapata usingizi. Huku Chiku amefunga, kila jioni ananiletea uji wa futari, nami nanenepa bila kufunga.

Ulinifundisha nisikufiche kitu, kwa hiyo sikufichi. Karatasi yako ni nzuri sana na haipigiki.

Mstari wa kwanza unashuka mpaka mahali ambapo filimbi haina tundu. Nilipuliza, ikatoka hewa tupu. Halafu hujaniwekea pa kupumua. Nilihesabu nota arobaini na moja mfululizo. Nilipofika ya thelathini na kitu niliona nyota, nikaangusha kiti. Chiku aliyekuwa amejilaza upande wa pili wa ukuta alikuja mbio na ndoo, akidhani nina pumu, akanimwagia maji yote. Filimbi niliiokoa.

Lakini linalonisumbua zaidi ni hili. Kuna mahali sauti yangu inatulia huku yako ikiendelea kutembea. Umeonyesha nota yangu inaanza wapi, hukuonyesha inakwisha wapi. Niishikilie mpaka lini?

Mtoto wako aliyelowa,
Lea


Mitundu,
14 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa ndoo. Hamjambo wote? Mwambie Chiku Idi mubaraka, ingawa nimechelewa. Mimi nimecheka mpaka Anselm aliyekuwa akipita njiani akaingia kuuliza kama nimepatwa tena.

Kosa ni langu. Luti haina mapafu, na miaka hamsini nimepiga peke yangu, nilisahau kwamba watu wengine wanapumua. Nimeipandisha sehemu yako yote oktavu moja, sasa utakuwa juu ya kichwa changu badala ya kunikanyaga miguu. Mahali pa kuvuta pumzi nimeweka vimkato. Pale ambapo hapakuwa na nafasi kabisa, nimekunyang'anya nota mbili tatu nikazipiga mimi ili wewe upumzike. Nimegundua wimbo unapendeza zaidi hivyo, kama watu wawili wanaopokezana mzigo.

Kuhusu swali lako, nimelala nalo siku tano. Karatasi ya luti haisemi. Uzi ukishaguswa, sauti inaanza kufa yenyewe, kwa hiyo watu wa zamani hawakujisumbua kuandika inakwisha lini. Nilianza kukuandikia kila moja, hii hesabu mbili, hii tatu. Unanijua. Mimi hata uchumba wako na yule fundi redio nilikupangia siku ya kuisha, na leo sina hakika kama nilifanya vema. Halafu nikafuta zote. Hili amua wewe, mwanangu. Sijakuachia mengi ya kuamua.

Shangazi yako,
Severina


Mitundu,
7 Julai 2024

Lea,

Hujambo? Sijapata barua tangu Aprili. Najua ni msimu wa alizeti na mashine haizimwi, kwa hiyo sikulaumu. Nakulaumu kidogo.

Anselm amekuja na futi, amelipima sanduku. Anatengeneza kabati la mninga na ameshanunua kufuli.

Mimi kila jioni napiga besi yangu. Mstari wa kwanza na wa pili ni salama. Kwenye wa tatu, kidole cha kati, ambacho nacho bado ni kizito, kinaporuka kwenda kubana uzi wa sita, siku nyingine kinachelewa, siku nyingine hakiendi kabisa. Sijui Nanenane kitaamkaje. Kama umechoka na jambo hili, sema tu. Sitakasirika. Nitakasirika, lakini nitanyamaza.

Shangazi yako


Utemini,
15 Julai 2024

Shangazi wangu,

Shikamoo, na unisamehe. Mimi ni mzima, nimechoka tu. Magari ya alizeti yanapanga foleni mpaka barabarani, narudi nyumbani nikiwa na mafuta mpaka kwenye nyusi, na kila nilipoanza barua nilisinzia juu yake.

Sijachoka na wewe. Saa ya chakula cha mchana nachukua bodaboda hadi kando ya Ziwa Kindai, nakula muhogo upesi, kisha napiga. Sasa naujua wote bila karatasi. Nimeshaamua nota zote zinakwisha wapi, isipokuwa ile ndefu ya mstari wa tatu. Hiyo kila siku inaishia mahali pengine.

Kidole kikitaka kuja kije, kisipotaka tutaonana hivyohivyo. Nitafika tarehe saba na basi la Hussein. Anselm asifunge kufuli kwanza.

Mtoto wako,
Lea


Utemini,
12 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Umeamkaje? Nimefika salama, kuku uliyenipa amefika salama zaidi, sasa anatawala uwanja wa Chiku.

Nakushukuru kwa siku zile mbili. Nakushukuru kwa ugali wa uwele na mlenda, sijala vizuri hivyo tangu mwaka jana. Choo kipya ni kizuri, fundi amejitahidi. Nimefurahi kuona watu walivyojaa sebuleni bila kualikwa. Na Anselm, maskini, alivyokuja na blanketi jipya la kufungia luti, akalikalia wakati wa wimbo, kisha akaondoka amelikunja kwapani! Ni muungwana kuliko nilivyomwandika.

Wimbo ulikwenda vizuri mwanzo hadi mwisho. Ulipiga vizuri sana, Shangazi. Nilifurahi mno, njiani nilimpigia Hussein wimbo wote kwa mluzi mpaka akaomba niache.

Mtoto wako,
Lea


Mitundu,
25 Agosti 2024

Mwanangu Lea,

Marahaba. Mimi nimeamka vizuri, na kifua chako natumaini kimeamka vizuri vilevile, maana nina sababu ya kukiulizia. Salamu kwa Chiku. Kuku akimsumbua, achinjwe.

Barua yako ina kurasa mbili. Umesifu mlenda, umemsifu Anselm, umesifu hata choo. Mstari wa tatu hukuutaja. Adabu yako naijua, nilikufundisha mimi.

Basi nautaja mimi. Kidole cha kati kilikataa. Niliutazama mkono wangu kama mkono wa jirani, nikajua mambo yamekwisha, na Anselm ana blanketi tayari. Nilisubiri unyamaze ili tuwaombe watu radhi. Hukunyamaza. Hukunigeukia hata kunitazama, ungenigeukia wangejua. Uliishikilia ile nota yako moja, ukaishikilia, mpaka nikaona mishipa ya shingo imekusimama. Nikakichukua kidole changu kwa mkono wa kulia, nikakikalisha juu ya uzi kama anavyokalishwa mtoto kwenye kiti, nikapiga. Ndipo ukavuta pumzi.

Anselm alidhani wimbo ndivyo ulivyo. Ameniambia ni pale pale alipotokwa na machozi, na akaniuliza watu wa zamani walijuaje kuandika kitu kama kile. Nimemwambia luti haitoki, ila aje Jumanne na Ijumaa nimfundishe hapahapa. Kwenye kabati lake ameweka vitabu vya nyimbo, na kufuli ameniletea ya banda la kuku.

Asante, mwanangu. Nimeishi miaka sabini nikiwaambia watu wanyamaze lini na waendelee lini, na hakuna aliyewahi kunisubiri namna ile. Uliniuliza nota ishikiliwe mpaka lini, nikakosa jibu. Wewe ulikuwa nalo kifuani.

Nimeanza kuugawa wimbo wa nne wa daftari la Sista, na safari hii vimkato vya pumzi nimeviweka kabla ya kuandika nota. Na Wimbo wa Dirishani nimeunakili upya kwa wino mweusi, sehemu yako na yangu kwenye karatasi moja, ili atakayeupiga baada yetu aupate wote. Kidole kikipona, nilichoandika kwenye mstari wa tatu kisifutwe. Juu ya ile nota yako nimeandika kwa mkono wangu: Hapa filimbi isubiri.

Shangazi yako,
Severina