Wifi Anataka Nikae Kitini Uwanja wa Ndege, Mimi Nataka Kuliona Paa la Bibi

Mpendwa Mshauri Claudia, shikamoo. Gazeti lako linatufikia huku Lulindi likiwa na siku mbili tatu lakini ukurasa wako nausoma wote, na leo naomba wewe unisome mimi, maana nasafiri mwezi wa saba na sijui nifanye nini.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na mbili. Mume wangu, Mwalimu Cecil, alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka jana, na kabla ya shida yangu nataka kushukuru, maana watu wamenibeba sana, hata kuni sikununua miezi mitatu. Binti yetu Violet alisomea uuguzi Ndanda, sasa anafanya kazi Ujerumani na anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, amenikatia tiketi nikamwogeshee mtoto, nitapanda ndege Mtwara mpaka Dar es Salaam, kisha Unguja, na pale Unguja nitashuka saa nne asubuhi na ndege ya Ujerumani itaondoka saa moja na nusu jioni. Violet aliniomba radhi kwa kunisubirisha muda wote huo. Mimi nilipokata simu nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, na sababu ni hii.

Mama wa babu yake Mwalimu aliitwa Agnes. Alikuwa mtumwa, akafunguliwa, akabatizwa Unguja, akaja Masasi na wale watu wa kwanza wa misheni, kutoka pwani kwa miguu. Lile kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa aliliacha likiwa kuta tu, halijaezekwa, na hilo la kuta ndilo lililobaki kusimuliwa nyumbani kwao mpaka leo. Mwalimu alikuwa akisema, "Mama Violet, siku moja nitakwenda kumwangalizia bibi paa lake." Tukiezeka jiko, tukiezeka banda la kuku, lazima alitaje. Hakuwahi kwenda, mwaka huu ada za watoto, mwaka ule mikorosho imeugua, na mimi sikumhimiza.

Sasa nikuungamie. Huku kwetu Siku ya Marehemu Wote kila nyumba inapeleka karatasi ya majina, na padri anayasoma kwenye Misa hata yakiwa mia mbili. Karatasi yetu aliiandika Mwalimu miaka yote na jina la kwanza lilikuwa Agnes. Mwaka jana alikuwa hawezi tena kushika kalamu, nikaandika mimi, haraka, huku uji wake uko jikoni, nikaanza na wazazi wake, nikaja kwa wazazi wangu na mtoto wetu tuliyemzika, nikakunja nikapeleka. Siku hiyo tulimkalisha karibu na mlango wa kanisa tumemfunika shuka. Padri alisoma mpaka mwisho wa karatasi yetu, Mwalimu akanigeukia akasema polepole, "Mama Violet, umemwacha bibi njiani." Nikaanza kulia. Akasema, "Hamna neno. Yule amezoea kutembea, atafika." Akanishika mkono mpaka Misa ikaisha. Siku ya kumi na nane akafariki. Hakunilaumu hata mara moja na ninamshukuru kwa hilo, lakini maneno yale, umemwacha bibi njiani, yananijia nikifagia, nikichota maji, nikimenya muhogo, na sijamwambia mtu yeyote mpaka leo ninapokuandikia wewe.

Ndiyo maana nataka kutoka uwanja wa ndege nikalitaje jina lake mle ndani. Lakini wifi yangu Sabina wa Newala, dada yake Mwalimu, hataki. Bado nimevaa nguo nyeusi, tutazivua kwenye Misa ya kutimiza mwaka. Alipokuja kunisalimia nilimwambia nikifika Unguja nitaingia mjini kidogo, akaweka kikombe chini.

"Kufanya nini?"

"Kutembea kidogo, wifi."

"Unakwenda kuogesha mtoto au unakwenda kutalii? Udongo wa kaka yangu haujakauka, wewe uko Unguja unapigwa picha na Wazungu. Kaa palepale kwenye kiti, begi miguuni, mpaka uitwe. Na wakikuita usiseme 'abee' ukabaki umekaa, unyanyuke."

Hapo tulicheka wote wawili, lakini neno lake hakulibadilisha. Sitaki kumuudhi, wakati wa msiba alilala na mimi mkekani wiki nzima na kunishikia kikombe cha uji. Tena sijawahi kupanda ndege, nikitoka naweza kuachwa, na Violet ananisubiri. Mshauri, nikae kitini au nitoke?

Mama Violet, Lulindi, Masasi

*

Mama Violet, ni mimi ninayepaswa kukuamkia, umenipita miaka miwili. Shikamoo, na pole sana kwa Mwalimu.

Toka. Nimekujibu mapema usije ukaruka mistari kutafuta jibu. Sasa vumilia nikugombeze kidogo.

Ulimwambia mwanamke aliyefiwa na kaka yake kwamba unakwenda kutembea. Ulitegemea akujibu nini? Paa hukulitaja, karatasi hukuitaja, bibi hukumtaja. Na huyo Agnes ni bibi yake Sabina kabla hajawa wako, wewe umeolewa tu pale. Umemficha kwa sababu unaogopa atajua ni nani aliyeliacha jina, kisha unaniandikia mimi kwamba wifi ni mkali. Wifi yako si mkali. Hajaambiwa.

Kwa hiyo nenda Newala kabla ya safari. Usipige simu, nenda. Mweleze yote, pamoja na yale maneno ya mlangoni mwa kanisa. Atalia, na wewe utalia. Kisha mpe kalamu. Karatasi ya kwenda nayo Unguja aiandike yeye kwa mkono wake, Agnes juu, wazazi wao, na chini kabisa kaka yake, maana sasa naye yumo. Akiiandika yeye, hatakuzuia kuipeleka. Nguo nyeusi usizivue kwa ajili ya safari. Mjini Unguja utapishana na wanawake wengi wenye nyeusi na hakuna atakayekutazama mara mbili. Kwenda kusali hakuvunji msiba.

Jambo jingine. Mumeo alisema maneno mawili siku ile, nawe miezi yote hii umebeba la kwanza peke yake. La pili ni kwamba atafika. Mgonjwa aliyebakiwa na siku kumi na nane alitumia pumzi yake kukuondolea lawama, na wewe umeirudisha kichwani. Mshukuru kwa kumwamini.

Sasa ndege. Muulize Violet leo, sanduku kubwa linapitilizwa mpaka Ujerumani au unalichukua Unguja? Kama unalichukua, ulizia palepale uwanjani mahali pa kuliacha, usizunguke nalo. Pasipoti na tiketi vifunge kiunoni chini ya nguo. Vaa viatu vya chini. Teksi mwelewane bei kabla hujaketi, ya kwenda, kungoja na kurudi, na uchukue namba ya simu ya dereva. Mwambie Mkunazini, kanisani, na usikubali kupitishwa maduka ya vinyago, umetoka kwa Wamakonde, vinyago unavijua. Kile ni kituo cha watalii pia, hivyo mlangoni sema umekuja kusali na umetoka Masasi. Masasi si jina geni pale. Ukimaliza ule kitu cha moto. Saa nane mchana uwe umeshaketi garini, hata kama padri mwenyewe anakukaribisha chai. Saa tisa uwe uwanjani, na kuanzia hapo ukae kitini, begi miguuni, mpaka uitwe. Sabina naye awe ametiiwa.

Mle ndani, omba ruhusa, kisha mpigie Sabina simu na uyasome majina akiwa anasikia. Kwa jina la kwanza usiwe na haraka, uji hauko jikoni. Ukimaliza inua uso, utazame juu mpaka shingo ichoke. Kisha mwambie bibi, kwa sauti yako ya kawaida ya nyumbani, kwamba wameezeka.